Jaji wa maisha anaweza kunifanya lolote? Kisa cha Jaji Landis

*"Shikamoo Mwalimu. Naishi Indianapolis, Marekani, mwaka wa sita sasa. Nilifanya kazi ghalani na ninamdai mwajiri wangu wa zamani malipo ya saa za ziada. Kesi iko mahakama ya shirikisho. Siku ya kikao cha kwanza niliulizwa swali, na jaji akanikatisha mara mbili kabla sijamaliza kujibu. Wakili wangu akaniambia nitulie, lakini moyo haujatulia. Jirani yangu ananiambia majaji hawa huteuliwa maisha na hakuna wa kuwagusa. Amenitolea mfano wa Jaji Landis wa Chicago: eti alimtoza Rockefeller mamilioni ya dola, akafunga wafanyakazi wapatao mia kwa siku moja, akawahukumu wachezaji wa besiboli waliokwisha kuachiwa huru, na muda wote huo analipwa mshahara wa pembeni, mpaka Bunge likamfukuza. Ni kweli? Na kama ni kweli, mimi mgeni nina ulinzi gani? Nimeshaandika barua ya kumkataa jaji wangu. Bado sijaituma."*

Marahaba, ndugu yangu. Barua hiyo usiitume. Iache ilipo, sababu yake nitakupa nikishamaliza habari za Landis, maana ukimwelewa yeye utaielewa na kesi yako.

Ninavyokusoma, kinachokukosesha usingizi ni kwamba umesimama mbele ya mtu asiyeweza kufukuzwa kazi, na mtu asiyeweza kufukuzwa unamwona kama gari lisilo na breki. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini jirani yako ana nusu tu ya kisa hicho. Landis alikuwa mkali, alipenda kutazamwa, na alikosea makosa makubwa. Ila hukumu zake mbili zilizovuma kuliko zote zilifutwa na majaji wa juu yake, na mojawapo ilifutwa na mahakama ileile ambayo rufaa yako itapelekwa, ikiwa utafika huko.

Kenesaw Mountain Landis alizaliwa Millville, Ohio, mwaka 1866. Baba yake alikuwa daktari katika jeshi la Muungano, yaani upande wa kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akajeruhiwa mguu kwenye vita vya Kennesaw Mountain huko Georgia mwaka 1864, ndipo akampa mwanawe jina la mlima huo, pungufu herufi moja. Kijana alikulia Logansport, kaskazini ya hapo unapoishi. Sekondari hakumaliza. Alijifunza hati mkato, akawa mwandishi wa mahakama, akapata leseni ya uwakili Indiana enzi ambayo jimbo hilo halikudai shahada, kisha akahitimu sheria Chicago mwaka 1891. Walter Gresham, aliyekuwa kamanda wa baba yake vitani, alipofanywa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1893 alimchukua awe katibu wake Washington. Kaka zake wawili waliingia Kongresi, yaani Bunge la Marekani. Baadaye akawa mpiga kampeni wa mwanasiasa wa Chicago, Frank Lowden. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akamteua kuwa jaji wa shirikisho wa Wilaya ya Kaskazini ya Illinois. Alikuwa na miaka 38.

Nimekutajia watu hao kwa kusudi. Landis hakupata kiti kwa elimu yake. Alikipata kwa kujuana, kama wengi wa wakati ule. Waliotunga Katiba ya Marekani walijua uteuzi hauwezi kukwepa siasa, kwa hiyo wakaikata kamba baada ya uteuzi: jaji hukaa kitini muda wote anapokuwa na mwenendo mwema, na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Rais aliyemweka hawezi kumtoa. Tajiri aliyemchangia Rais huyo hawezi kumtoa. Watu huona hiyo ni zawadi ya jaji. Mimi naona ni ya mdaawa, yaani mwenye kesi, na ya mdaawa mnyonge kwanza. Mwajiri wako wa zamani, hata awe anakula chakula na seneta kila Jumapili, hana mlango wa kupitia kumhamisha au kumkata mshahara jaji anayekusikiliza. Ulinzi unaouogopa unakufunika wewe pia.

Sasa kuhusu Rockefeller. Kesi ilikuwa dhidi ya Standard Oil ya Indiana, tawi la kampuni kubwa ya mafuta ya Rockefeller, si dhidi yake mwenyewe. Sheria ya Elkins ya mwaka 1903 ilizikataza kampuni za reli kumpunguzia mteja mmoja nauli ya mizigo kwa siri wakati wengine wanatozwa bei iliyotangazwa. Mafuta yalitoka kiwanda cha Whiting, Indiana, kwenda East St. Louis. Bei iliyotangazwa ilikuwa senti 18 kwa kila ratili 100, na Standard Oil ililipa senti 6. Juri, yaani raia kumi na wawili wanaoamua kama kosa limetendeka, walikuta kampuni ina hatia kwa makosa 1,462. Kabla ya kutoa adhabu Landis alitaka kujua utajiri wa kampuni mama, akamwita John D. Rockefeller mwenyewe Chicago. Tajiri kuliko wote nchini akaja Julai 1907, akakaa kiti cha shahidi, umati umejaa mpaka kwenye korido, akajibu kwa upole kwamba mambo mengi hayajui.

Chumba chenyewe kilikuwa na mchoro ukutani wa Mfalme John akikubali Magna Carta, na mwingine wa Musa akiwa tayari kuvivunja vibao vya amri. Mbele yake alikaa mtu mwembamba, nywele nyeupe zisizotulia, mara nyingi bila joho, mwepesi kumnyooshea wakili kidole na kumhoji shahidi yeye mwenyewe. Magazeti yalimpenda kupita kiasi. Tarehe 3 Agosti 1907 alichukua kiwango cha juu cha faini, dola 20,000, akakizidisha kwa makosa 1,462, ikawa dola 29,240,000. Nchi ilishangilia.

Faini hiyo haikulipwa hata senti moja. Julai 1908 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Saba, ambayo makao yake ni Chicago na ndiyo itakayosikiliza rufaa yako, iliifuta. Uamuzi wa Jaji Peter Grosscup ukisomwa leo bado unafundisha. Kwanza, Landis alihesabu kila behewa kuwa kosa la pekee yake. Pili, alizuia ushahidi wa kuonyesha kwamba kampuni haikuijua nauli halali. Tatu, na hili ndilo zito, alipima adhabu kwa utajiri wa kampuni mama ya New Jersey ambayo haikuwa imeshtakiwa. Kampuni iliyokuwa kizimbani ilikuwa na mtaji wa dola milioni moja. Huwezi kumwadhibu mtu aliye mbele yako kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, hata kama wote tunajua ni baba na mwana. Kesi ikarudi kusikilizwa upya mbele ya jaji mwingine, na mwaka 1909 kampuni ikaachiwa. Utasikia wakisema Landis ndiye aliyelivunja shirika kubwa la Rockefeller. Hapana. Lililovunjwa mwaka 1911 lilivunjwa na Mahakama ya Juu katika kesi nyingine kabisa, iliyoanzia St. Louis.

Binafsi nadhani hasira ya Landis juu ya nauli za siri ilikuwa na haki ndani yake. Wafanyabiashara wadogo wa mafuta waliumizwa kweli. Lakini hasira ya haki isiyofuata hatua za sheria ilimpa mkosaji njia ya kutokea bila kulipa chochote, na wale wadogo hawakupata kitu.

Wafanyakazi wapatao mia: hilo ni kweli. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, viongozi na wanachama wa chama cha wafanyakazi cha IWW walishtakiwa kwa kula njama dhidi ya juhudi za vita. Kesi ilidumu tangu Aprili hadi Agosti, na juri haikuchukua hata saa moja kuwakuta wote na hatia. Wakati wa kusikiliza, Landis aliwatendea vizuri kuliko wengi walivyotarajia, na baadhi ya watazamaji wasiompenda walikiri hivyo. Kisha siku ya adhabu akampa kiongozi wao, Bill Haywood, miaka 20, na wenzake wengine 14 vivyo hivyo. Mahakama ya Rufaa ilifuta sehemu ya mashtaka na faini zake mwaka 1920, lakini vifungo vikabaki. Waliokuwa bado gerezani walitolewa kwa msamaha wa Rais, wa mwisho mwaka 1923. Hapa breki ilikamata nusunusu, na sitakuficha. Rufaa husahihisha kosa la sheria. Ukali ulio ndani ya mipaka ya sheria, mara nyingi haiwezi kuusahihisha.

Kesi inayokuhusu wewe zaidi ya zote ni ya Victor Berger, na jirani yako hakuitaja. Berger alikuwa msoshalisti wa Milwaukee, mzaliwa wa Dola la Austria, mhariri wa gazeti, naye alishtakiwa pamoja na wenzake wanne kwa maandishi ya kupinga vita. Kabla ya kesi kuanza waliwasilisha hati ya kiapo wakiomba Landis asiisikilize. Walieleza kwamba katika kesi nyingine alikuwa ametamka kuwa mtu anahitaji kweli akili ya kijaji ili asiwe na chuki na Wamarekani wenye asili ya Ujerumani, na kwamba mioyo yao inanuka usaliti. Landis akaikataa hati, akajibakiza kwenye kesi, na Februari 1919 akawapa kila mmoja miaka 20.

Tarehe 31 Januari 1921 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa kura sita dhidi ya tatu. Haikuuliza kama Berger ana hatia au hana. Iliuliza jambo moja: hati ya kiapo ikishawasilishwa kwa wakati, ikitaja mambo mahsusi yanayoonyesha chuki binafsi, na wakili akathibitisha kwamba imeletwa kwa nia njema, jaji anaweza kukaa akaamua mwenyewe kama mambo hayo ni ya kweli? Jibu likawa hapana. Anaweza kupima tu kama yaliyotajwa, yakichukuliwa kuwa ya kweli, yanatosha kisheria. Yakitosha, anasimama, anampisha mwenzake. Berger alirudi Kongresi mwaka 1923, akachaguliwa tena na tena.

Nikiwa na kesi hii mkononi huwa naona picha moja: jaji anayesoma karatasi inayosema "wewe unatuchukia", halafu anajiuliza yeye mwenyewe kama ni kweli, anajijibu kwamba si kweli, na anaendelea. Hakuna binadamu wa kuaminiwa na swali hilo, si Landis peke yake.

Turudi kwenye besiboli, maana hapo jirani amechanganya mambo mawili. Wachezaji wanane wa Chicago White Sox waliodaiwa kuuza mechi za fainali za mwaka 1919 hawakuhukumiwa na Landis akiwa jaji. Walishtakiwa mahakama ya jimbo la Illinois, mbele ya jaji mwingine, na juri ikawaachia waliosimama kizimbani tarehe 2 Agosti 1921. Waliofungiwa kesho yake walifungiwa na Landis kamishna wa besiboli, kwa mamlaka aliyopewa na wamiliki wa timu. Ni kama chama cha mpira kumfungia mchezaji ambaye polisi wamemwachia. Unaweza kuona ni uonevu au ni usafi wa mchezo, lakini si hukumu ya mahakama.

Kosa lake kama jaji lilikuwa kushika kazi zote mbili. Tangu mwaka 1905 mshahara wake wa ujaji ulikuwa mdogo kuliko mapato ya wakili mzuri, na kufikia 1920 ulikuwa dola 7,500 kwa mwaka. Novemba mwaka huo wamiliki wakamwahidi dola 50,000. Akataka wakate 7,500 za ujaji, abaki na 42,500 kwao, na kiti chake asikiache. Kumbuka pia historia: mwaka 1915 ligi mpya, Federal League, ilifungua kesi mahakamani kwake ikidai wamiliki hao wanahodhi mchezo. Landis alisikiliza siku chache za Januari, akaonya kwamba pigo kwa besiboli atalichukulia kuwa pigo kwa taasisi ya taifa, kisha akakaa na kesi miezi kumi na moja bila kuamua, mpaka pande zikapatana na ligi mpya ikafa. Sidai kwamba palikuwa na makubaliano. Nasema kwamba waliofaidika na ukimya wake ndio waliokuja kumlipa miaka mitano baadaye, na jaji anayejali imani ya watu angeliona hilo mwenyewe bila kuambiwa.

Watu waliliona. Februari 1921 mbunge Benjamin Welty wa Ohio alipeleka hoja ya kumshtaki ili aondolewe. Kongresi hiyo ilikuwa inamaliza muda wake mwanzoni mwa Machi, na hoja haikufika popote. Hapakuwa na kifungu cha sheria kilichomkataza jaji kuwa na ajira ya pembeni ya namna ile. Septemba 1921 Chama cha Mawakili cha Marekani kikalaani mwenendo wake kwamba haustahili ujaji. Februari 1922 akatangaza kujiuzulu, akasema saa za siku hazimtoshi kwa kazi zote mbili, na tarehe 1 Machi akaondoka. Kwa hiyo, hapana, Bunge halikumfukuza. Aliyefukuzwa zama hizo ni Jaji Robert Archbald, aliyeondolewa na Seneti Januari 1913 kwa sababu alikuwa akifanya biashara na kampuni za reli ambazo kesi zake zilikuwa mbele ya mahakama yake. Inawezekana, basi, ila ni nadra mno, na haikukusudiwa kuwa dawa ya jaji aliyemkatisha mtu maneno.

Landis alibaki kamishna mpaka alipokufa Novemba 1944. Miaka yote hiyo hakuna mchezaji mweusi aliyesajiliwa ligi kuu. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja mwiko huo, alisaini mkataba Oktoba 1945, karibu mwaka mmoja baada ya kifo cha Landis. Mwaka 2020 jina la Landis liliondolewa kwenye tuzo ya mchezaji bora.

Sasa barua yako. Kuna kasoro tatu. Ya kwanza, mdaawa hamwandikii jaji kwa siri. Kila kinachomfikia jaji lazima upande wa pili ukione, na mwenye wakili hupeleka maombi yake kupitia wakili. Ya pili, sheria iliyompa Berger ushindi bado ipo, lakini inataka hati ya kiapo yenye mambo mahsusi: nani alisema nini, lini, wapi. Ipo nyingine, iliyopanuliwa mwaka 1974, inayomtaka jaji ajitoe mwenyewe pale ambapo mtu mwenye busara anayejua mambo yote angetilia shaka uadilifu wake, au akiwa na hisa, ndugu au maslahi kwenye kesi. Ya tatu ndiyo itakayokuuma: kukatishwa mara mbili hakutoshi. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1994 kwamba kukosa subira, ukali, hata hasira ya jaji wakati wa kusikiliza, kwa kawaida si ushahidi wa chuki. Majaji wa shirikisho wana kesi nyingi na huwakatisha mawakili wenye miaka thelathini kazini. Huenda ulikuwa unaeleza jambo zuri kwa wakati usio wake.

Ukiomba jaji ajitoe bila msingi, ombi litakataliwa na utaendelea na yuleyule, kesi ikiwa imechelewa na pesa zimekwenda. Ukiwa na msingi ukanyamaza, ukingoja uone kwanza kama utashinda, utaambiwa umechelewa. Kati ya hayo mawili, wewe kwa sasa huna la kufanya zaidi ya kuandika. Nunua daftari. Kila kikao andika tarehe na maneno ya jaji kama yalivyotamkwa, siku hiyohiyo. Akitamka neno lolote juu ya asili yako, lugha yako, dini yako au "watu wa kwenu", hilo si ukali tena. Mpigie wakili siku hiyo, usisubiri miadi ya mwezi ujao. Vivyo hivyo ukigundua kwamba jaji ana uhusiano na mwajiri wako. Kuhusu mwenendo mbaya wa jaji nje ya uamuzi wenyewe, malalamiko hupelekwa kwa jaji mkuu wa kanda, lakini njia hiyo haibadilishi hukumu.

Hukumu hubadilishwa na rufaa. Ukishindwa kwenye madai kama haya, una siku 30 tangu hukumu iingizwe kwenye rejista, na zikipita, kwa kawaida mlango umefungwa. Karani wa mahakama atakupa fomu lakini haruhusiwi kukushauri. Na mimi, kwa mbali hivi, sijaona faili lako, hivyo haya yasichukue nafasi ya mtu anayeweza kulifungua mezani.

Kwa hiyo wiki hii nenda ofisini kwa wakili wako ana kwa ana. Kama Kiingereza cha sheria kinakupita, mwombe mkalimani, usione haya. Beba ile barua, msomee. Muulize mambo mawili: kwa nini jaji alinikatisha pale, na je, tukishindwa utaniandikia rufaa au nitafute mwingine mapema? Akikujibu vizuri la kwanza, nadhani la pili utaliuliza ukiwa umetulia.